Kichwa kipya kilichogoma: kisa cha kikundi cha reli ndogo Tabora

Kisa kwa ufupi

Kikundi cha wapenzi wa reli mjini Tabora kiliagiza kichwa kipya cha treni ya mfano, kikakisubiri zaidi ya mwaka, na siku kilipowekwa relini hakikwenda. Kilitoa mlio, kikawasha taa, kikaruka sentimita chache, kikazima. Waliokuwapo wakakubaliana kwamba kimekuja kibovu. Hakikuwa kibovu kwa namna waliyodhani. Kasoro moja tu ya maana ya kiwandani ilikuwamo, na haikuhusiana na umeme hata kidogo.

Majina ya wanachama, ya muuzaji na ya kiwanda yameondolewa, na baadhi ya mambo yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa. Vipimo na hatua zimeachwa kama zilivyo, kwa kuwa ndizo zitakazomsaidia mwingine anayesubiri kichwa chake.

Mazingira

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa hiyo Tabora ni mahali treni zinapogawanyika: mabehewa ya Mwanza yanakatwa, ya Kigoma yanaendelea. Mji una chuo cha reli na wastaafu wengi waliozeekea kwenye kazi hiyo. Kikundi kilianzishwa na walimu wa ufundi, fundi redio mmoja na madereva wastaafu wa treni, kwa nia ya kuwaonyesha vijana jinsi stesheni ya njiapanda inavyofanya kazi.

Meza yao ni plaiwudi moja nzima ya futi 8 kwa 4, yaani mm 2440 kwa 1220, unene mm 12, juu ya fremu ya mninga. Fremu hiyo ni uamuzi mzuri kuliko wengi wanavyojua. Mninga ukishakauka haupindi wala kusinyaa sana, na Tabora ina miezi ya ukavu mkali ikifuatiwa na masika ya unyevu, hali inayozipinda mbao laini mpaka reli inapanda na kushuka. Juu ya meza kuna njia ya kuzunguka, njia ya kupishana, na pointi moja, yaani mahali reli inapogawanyika, inayotoka kwenda "Mwanza".

Kona zilikuwa na nusu kipenyo cha mm 457. Kichwa chao cha kwanza, cha mtumba chenye ekseli nne, kilizipita bila shida. Umeme wa reli ulitoka kwenye kidhibiti cha mota cha bei nafuu cha volti 12, aina inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki kwa ajili ya feni na pampu ndogo, ambacho fundi redio alikifunga ndani ya boksi la plastiki. Kwa kichwa cha zamani kilifanya kazi vizuri mno, hata kwa mwendo wa kunyata. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukishuku.

Kuchagua kipimo na toleo

Mjadala wa kwanza ulikuwa wa upana wa reli. Reli ya zamani inayopita Tabora ina upana wa mm 1000. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87, upana huo ni mm 11.5, na wanaotengeneza mifano ya reli ya mita kwa kipimo hicho hutumia reli ya mm 12. Reli ya mm 16.5, ambayo ndiyo iliyoenea duniani na ndiyo iliyokuwa mezani, inalingana na upana wa mm 1435, yaani upana wa SGR. Wazee walitaka reli ya mita. Walimu walitaka kitu ambacho vipuri vyake vinapatikana.

Walioamua ni mahesabu. Reli ya mm 12, pointi zake na mabehewa yake ni vya watengenezaji wachache na bei yake iko juu, na kubadili kungemaanisha kung'oa meza yote. Walibaki na mm 16.5, wakachagua kichwa cha dizeli cha ekseli sita cha mtindo wa kiwanda cha Montreal, Kanada. Sababu ilikuwa ya moyoni na ya kihistoria kwa pamoja: Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilinunua vichwa vya kiwanda hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970, na madereva wa Tabora wanaujua mlio wa injini yake ya 251 hata wakiwa wamefumba macho. Tunaona uamuzi huu ulikuwa sahihi. Upana wa reli unaonekana ukiinama na rula. Sura na mlio unavitambua ukiwa mlangoni.

Uamuzi wa pili ulifanywa kwa haraka zaidi, na ndio uliozaa matatizo. Kichwa kilitangazwa katika matoleo mawili: la kawaida, lisilo na dikoda (kompyuta ndogo ya kuongoza mota, taa na sauti), na la sauti, lenye dikoda na spika ndani. Kikundi kilitaka la kawaida. Kufikia wakati michango ilipokamilika, oda za toleo la kawaida zilikuwa zimefungwa. Wakachukua la sauti, wakiwa wamesoma kwenye tangazo kwamba linakubali pia umeme wa kawaida wa volti 12. Maneno hayo ni ya kweli, ila yana masharti, na masharti yenyewe yalikuwa kwenye kijitabu kilichokuja na kichwa mwaka mmoja baadaye.

Gharama waliihesabu vizuri, na hili ni la kuigwa. Vitu vya mfano wa kipimo huwekwa forodhani kundi moja na vitu vya kuchezea, ambavyo ushuru wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 25%. Ushuru unakatwa kwenye bei pamoja na usafirishaji na bima, kisha VAT ya 18% inakatwa juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru ndani yake. Kwa hiyo kitu kinachofika bandarini au uwanja wa ndege kwa thamani ya shilingi 800,000 kinaongezewa ushuru wa 200,000, halafu VAT ya 180,000, na kufikia 1,180,000 kabla ya ada ya wakala na tozo nyingine, ikiwemo ile ya maendeleo ya reli iliyoanzishwa mwaka 2015. Wengi huagiza kwa bei ya dukani na kukwama hapo. Kikundi hiki kilichanga kwa bei ya mwisho.

Kipindi cha kusubiri

Vichwa vya aina hii havikai ghalani vikisubiri mnunuzi. Kiwanda hutangaza, hukusanya oda, huonyesha mchoro wa kompyuta, hutengeneza kalibu za chuma, hutoa sampuli isiyopakwa rangi, kisha sampuli yenye rangi, ndipo uzalishaji unaanza kwa idadi inayokaribiana na oda. Kila hatua inaweza kuchelewa. Kisipoagizwa mapema, mara nyingi hakipatikani hadi kundi jingine litakapotengenezwa, kama litatengenezwa.

Tarehe ilisogezwa zaidi ya mara moja. Baadhi ya wanachama walitaka pesa zirudishwe zinunue kichwa cha mtumba. Mwenyekiti alikataa kuvunja oda, akakubali jambo moja: muda ule utumike kuiandaa meza. Hapo ndipo kazi nzuri zaidi ya kisa hiki ilipofanyika.

Mwalimu mmoja alisoma kwenye ukurasa wa bidhaa kwamba kiwanda kinapendekeza kona isiyopungua nusu kipenyo cha mm 559. Meza ilikuwa na mm 457. Kichwa cha ekseli sita kina bogi mbili, yaani fremu za magurudumu zinazojigeuza chini yake, zenye ekseli tatu tatu. Kwenye kona kali ekseli ya kati husukumwa upande, na flanji (kingo za magurudumu) za ekseli za mwisho hukwaruza reli mpaka moja inapanda. Tena mwili wenyewe unaingia ndani ya kona. Kukadiria ni rahisi: chukua umbali kati ya vitovu vya bogi mbili, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo. Kwa umbali wa mm 150, kwenye kona ya mm 457 mwili unaingia mm 6.2, kwenye mm 559 unaingia mm 5. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini nguzo ya ishara iliyokuwa karibu na kona ingegongwa.

Je, kona ya mm 559 inaenea kwenye plaiwudi ya mm 1220? Inaenea, kwa shida. Kipenyo ni mm 1118, kwa hiyo kutoka katikati ya reli hadi ukingo wa meza hubaki mm 51 kila upande. Kichwa chenye urefu wa mm 243 kinatokeza nje ya kona kwa pembe zake, na ukijumlisha nusu ya upana wake hubaki karibu mm 25 tu kabla ya ukingo. Meza iko juu cm 90 na sakafu ni ya saruji. Walizungushia ukingo kizuizi cha plaiwudi nyembamba kilichoinuka mm 40 juu ya reli. Kizuizi hicho kilikuja kulipa gharama yake.

Kona mpya zilitandikwa kwa reli ya kupinda yenye vipande vya mm 914. Nusu duara ya mm 559 ina urefu wa mm 1756, hivyo vipande viwili vinatosha kila upande na kinabaki kidogo cha kukata. Kiungo huangukia katikati ya kona, mahali pabaya kabisa, kwa sababu reli mbili zilizounganishwa kwa kishikizo tu hutengeneza pembe badala ya mpindo. Dawa yake ni kuunganisha vipande viwili vikiwa bado vimenyooka, kuvitia risasi ya kulehemu kwenye kiungo, ndipo kuvipinda kwa pamoja. Upande ulionyooka, kinyume chake, viungo havitiwi risasi. Huachwa na mwanya wa nusu milimita hadi moja kwa ajili ya joto la Septemba na Oktoba.

Baadaye walitafuta mabonde. Rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya reli, tochi inawashwa nyuma yake. Mwanga ukipenya chini ya rula, pana bonde. Ekseli nne husamehe bonde, ekseli sita hazisamehe. Yalipatikana mawili, yote kwenye viungo, yakanyanyuliwa kwa vipande vya karatasi ya boksi chini ya mataruma.

Kitu pekee ambacho hakikuguswa wakati huo wote ni boksi la umeme.

Kufika na ukaguzi wa mwanzo

Mwanachama aliyekuwa na safari ya Dar es Salaam alikipokea kwa wakala na kurudi nacho mkononi badala ya kukipakia kwenye buti la basi. Boksi lilifunguliwa mezani mbele ya wanachama, likapigwa picha kila upande kabla ya utepe kukatwa, na ufunguaji ukarekodiwa kwa simu. Picha hizo zilikuja kuhitajika.

Sura ya kwanza iliwafurahisha. Vyandarua vya feni ya juu ni chuma chembamba kilichotobolewa, ukiinama unaona mapanga ya feni chini yake. Vyuma vya kushikia mkono ni vyembamba kwa kipimo. Rangi ni ya kampuni ya Kanada, na kijana mmoja alipendekeza kipakwe damu ya mzee ya Shirika la Afrika Mashariki. Wazo hilo liliahirishwa mpaka dhamana iishe, na tunakubaliana nalo: kichwa kilichopakwa rangi hakuna muuzaji atakayekirudisha.

Ukaguzi wa mkono ulipaswa kutoa mambo matatu. Kipandio kimoja kilikuwa kimekatika, nacho kikapatikana kwenye povu la boksi. Kwa hiyo shauri muhimu: povu na mifuko visitupwe hadi kila kipande kihesabiwe. La pili, ndoano ya kuunganishia mabehewa ya upande mmoja ilikuwa imelegea chini. Kwa kipimo hiki katikati ya ndoano inapaswa kuwa mm 9.9 juu ya reli. Hii ilikuwa chini kiasi kwamba kijiti chake kingegonga mbao za pointi. La tatu halikuonekana siku hiyo kwa sababu hakuna aliyepima: umbali kati ya migongo ya magurudumu. Kalipa, kifaa cha kupimia umbali mdogo kama huo, ilikuwapo kwenye droo.

Siku ya umeme

Kichwa kiliwekwa relini, kitufe cha kidhibiti kikazungushwa taratibu. Sauti ya injini ikaanza mara moja, ikakatika, ikaanza tena. Taa zikapepesa. Kichwa kikaruka mbele kama sentimita kumi, kikasimama na kutoa mvumo wa nyuki. Mwalimu akaongeza umeme, mvumo ukazidi.

"Zima kwanza, mwanangu," dereva mstaafu akasema. "Usikilazimishe."

Kauli hiyo ndiyo iliyookoa dikoda. Fundi redio akapima reli kwa mita: volti 5. Akarudisha kichwa cha zamani, kikatembea vizuri kama kawaida. Hitimisho likaonekana wazi: umeme mzima, kichwa kibovu. Ujumbe wa malalamiko kwa muuzaji ukaanza kuandikwa.

Usiku huo fundi redio alisoma kijitabu chote, akakuta onyo kwamba toleo la sauti lisitumike na kidhibiti kinachokata umeme kwa mapigo. Kidhibiti chao kilikuwa cha aina hiyo hasa. Hakitoi volti 5. Kinatoa volti 12 kamili kwa vipindi vifupi vifupi na kuzima katikati, maelfu ya mara kwa sekunde. Mota ya kawaida inahisi wastani wa mapigo hayo, na ndiyo maana kichwa cha zamani kilinyata kwa raha. Dikoda ni kompyuta ndogo. Inaupokea umeme, inaunyoosha na kuuhifadhi kwenye kapasita, kisha yenyewe ndiyo inayoilisha mota. Kapasita ikijazwa na kilele cha volti 12 huku mapigo yakikatika, dikoda haiwezi kujua inaombwa mwendo gani: inaamka, inapotea, inaamka. Ikiendelea hivyo huweza kupata moto na kuungua.

Na mita? Mita ya kawaida ikipima mapigo huonyesha wastani. Ilisema 5 kwa sababu ndicho inachoweza kusema. Kesho yake fundi redio aliwaambia wenzake, "Jamani, mita ilitudanganya, mimi ndiye niliyeiamini." Ujumbe kwa muuzaji haukutumwa.

Boksi jipya la umeme

Walihitaji umeme tulivu unaopanda na kushuka bila mapigo. Kifaa cha tayari kingeagizwa nje. Wakaunda chao kwa vitu vinavyopatikana kwa mafundi redio wa mjini.

Chanzo ni chaja ya zamani ya laptopu ya volti 19, ya nyaya mbili tu. Inaingia kwenye kidhibiti cha volti cha LM317 kilichofungwa kwenye bapa la alumini la kupoozea. Rezista ya omu 220 inakaa kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha. Poteshomita ya kilo-omu 2 kati ya mguu wa kurekebisha na ardhi. Kwa thamani hizo umeme unaanzia volti 1.25 na kuishia takriban 12.6, kwa hiyo hata kitufe kikizungushwa hadi mwisho kichwa hakidhuriki. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 iko mlangoni, ya mikrofaradi 1 njiani kutoka. Fyuzi ya ampia 1. Swichi ya miguu sita, iliyofungwa kwa msalaba, inageuza mwelekeo, na haigeuzwi kichwa kikiwa kinatembea.

Bapa la kupoozea si pambo. Kichwa kikitembea kwa volti 8 na kula nusu ampia, volti 11 zinazobaki zinageuka joto ndani ya LM317: wati 5.5. Bila bapa hujizima yenyewe baada ya muda mfupi, na mtu akaanza tena kulaumu kichwa. Kosa kubwa zaidi linaloweza kufanyika ni kupeleka volti 19 moja kwa moja relini. Ndiyo maana waya wa chaja ulifungwa ndani ya boksi kwa skrubu, hauwezi kuchomolewa na kuchomekwa pengine.

Jaribio la pili nalo nusura liwakatishe tamaa. Volti 3, kimya. Volti 5, kimya. Kichwa cha zamani kingekuwa kimeshakimbia. Lakini safari hii walikuwa wamesoma: kwenye umeme wa kawaida dikoda hutumia volti za mwanzo kujiwasha yenyewe. Karibu na volti 6 injini ikaanza kunguruma bila kichwa kusogea. Karibu na volti 8 kikang'oka, polepole, bila kuruka. Dereva mstaafu alikuwa ameinamisha sikio usawa wa meza. Akasema tu kwamba ndiyo yenyewe, 251, akaomba kirudishwe nyuma kianze tena.

Kuzoesha, na kasoro ya kweli

Kichwa kipya hakipewi mabehewa siku ya kwanza. Walikizungusha peke yake kwa mwendo wa wastani, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, kisha wakakigeuza relini na kurudia, ili gia zizoeane na grisi isambae. Hawakuongeza mafuta, vichwa vingi hutoka kiwandani na mafuta ya kutosha au ya kuzidi. Ukifika wakati wa kuongeza, ni tone moja kwa ncha ya sindano, mafuta yasiyoharibu plastiki. Mafuta ya kupikia, ya injini na ya kupulizia kutu hayafai: hukusanya vumbi, na mengine hulainisha plastiki.

Katika kuzungusha huko kikaacha reli kwenye pointi ya Mwanza, ekseli ileile kila mara, upande mmoja tu wa mwelekeo. Mara moja kiligonga kizuizi cha ukingo na kusimama. Bila kizuizi kingekuwa sakafuni. Kuacha reli mahali pamoja huelekeza lawama kwenye reli. Ekseli ileile huelekeza kwenye kichwa. Hapa vyote viwili vilikuwa kweli, ndipo kalipa ikatoka kwenye droo. Ekseli tano zilikuwa karibu mm 14.4 kati ya migongo. Ya sita ilikuwa mm 14.1. Gurudumu lililosogea ndani hivyo hugonga reli ya kuongozea kwenye pointi na kupanda.

Swali likawa: kurekebisha au kurudisha? Usafirishaji wa kwenda na kurudi, pamoja na hatari ya ushuru kudaiwa tena, ungekula sehemu kubwa ya thamani ya kichwa. Walimwandikia muuzaji kwa upole, wakaambatisha picha ya kalipa na picha za kipandio kilichokatika zilizopigwa siku ya kufungua, wakaomba ruhusa ya maandishi kurekebisha wenyewe bila kupoteza dhamana. Ruhusa ikaja, na kipandio kipya kikaahidiwa bila malipo. Gurudumu lilishikwa kwa vidole pande zote mbili, likazungushwa na kuvutwa kwa pamoja, kidogo kidogo, likipimwa kila baada ya mvuto mahali patatu kuzunguka mduara, kwani gurudumu likivutwa bila kuzungushwa hukaa upande na kuyumba.

Matokeo

Kichwa kinavuta mabehewa manane ya kikundi bila kuacha reli. Ndoano ilinyanyuliwa kwa kipande chembamba cha plastiki chini ya boksi lake. Kipandio kilibandikwa.

Adui aliyebaki ni vumbi. Kiangazi reli hupata utando mwekundu kwa siku chache, na dikoda huhisi mkatiko mdogo ambao mota ya zamani isingeutambua: sauti inakatika na injini inajiwasha upya katikati ya njia. Wanafuta reli kwa spiriti ya isopropili ya 99% inayotumiwa na mafundi simu. Ile ya duka la dawa ya 70% ina maji mengi. Kitambaa ni cha pamba kisichoacha nyuzi, na meza hufunikwa shuka kila inapomaliza kazi. Umeme wa mjini ukikatika, kanuni ni moja: kitufe kirudishwe sifuri kabla haujarudi, la sivyo kichwa kitaondoka chenyewe watu wakiwa wamegeuka.

Uchambuzi

Muda wa kusubiri ulitumika vizuri kwa kila kinachoonekana kwa macho: kona, mabonde, ukingo. Haukutumika kwa kisichoonekana. Swali la kuuliza siku oda ilipobadilishwa kwenda toleo la sauti lilikuwa moja: umeme wetu ni wa aina gani? Kijitabu cha dikoda mara nyingi hupatikana kwa mtengenezaji wake miezi mingi kabla ya kichwa kufika, na jina la dikoda lilikuwa kwenye tangazo.

Jaribio la kutumia kichwa cha zamani kama shahidi lilikuwa na mantiki, lakini shahidi hakufaa. Kilithibitisha kwamba umeme unafaa kwa mota tupu. Kwa kichwa chenye dikoda, shahidi wa haki ni chanzo kingine cha umeme kilicho tulivu. Betri ya pikipiki ya volti 12 ingetosha: ikiunganishwa relini kupitia fyuzi ya ampia 1, kichwa kingeondoka, na mjadala ungeisha jioni ileile.

Mpangilio wa vipimo nao uliwagharimu. Kalipa ingetangulia umeme. Kupima ekseli sita ni kazi ya dakika tano na haihitaji waya hata mmoja, na ekseli ya mm 14.1 ingejulikana kabla kichwa hakijaacha reli hata mara moja. Utaratibu tunaopendekeza baada ya kisa hiki ni: hesabu vipande, pima magurudumu, pima ndoano, sukuma bogi kwa kidole kwenye pointi zote, ndipo umeme.

Kilichowasaidia zaidi, kwa maoni yetu, ni kutotuma ujumbe ule wa kwanza. Muuzaji aliyepokea lalamiko la "kichwa kibovu" kisha akagundua kidhibiti cha mapigo angekuwa na kila sababu ya kutilia shaka lalamiko la pili, lile la ekseli, ambalo lilikuwa la haki. Barua iliyokwenda ilikuwa na namba, picha na ombi mahususi, ikajibiwa.

Toleo la sauti, je, lilistahili bei? Kwa umeme wa kawaida wanapata mlio wa injini tu, unaopanda na kushuka na mwendo. Honi, kengele na hatua za nguvu ya injini anazochagua dereva haziitikiwi mpaka wafunge mfumo wa kidijitali, ambao hupeleka umeme kamili relini wakati wote pamoja na amri za kila kichwa. Kichwa cha zamani kisicho na dikoda hakitakiwi kusimama kwenye reli ya namna hiyo, mota yake itavuma na kuungua. Kitahitaji dikoda yake au kustaafu. Kikundi kimeanza kuchangia mfumo huo, na safari hii waliagiza kijitabu kwanza. Kipandio cha akiba kilichotumwa kiko kwenye bahasha ndani ya boksi, pamoja na povu lote.